Babu Aliyevuka Mpaka Akilima

Idara ya Asili Sahihi, tawi la Malaba, inautangazia umma kwamba kabla ya mwaka 1902 ardhi yote hii, hadi kule Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Hivyo basi, kila aliyezaliwa huku kabla ya mwaka huo aliingia Kenya bila kibali, na wajukuu wake watafungiwa vibanda vya soko hadi karatasi za babu zipatikane.

Bwana Methuselah Wandera, mkuu wa tawi, aliusoma ukweli huo kwenye kalenda ya ukutani, na tangu hapo akakosa usingizi. Watu wangapi walikuwa wameingia nchini wakiwa wamelala kwao! Waraka aliuandika peke yake, akautia saini tatu, zote zake.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Apeduno, muuza simsim. Kibanda chake kilikuwa na kufuli ya Idara tangu Jumatatu, na hasira zake hakuzificha.

"Babu yako alivukia wapi?" Wandera akauliza.

"Boss, babu alikuwa anakaa Angurai. Hakuenda pahali. Ni mpaka ndio ulikuja ukampita."

"Ulimpita akifanya nini?"

"Akilima mtama!"

Wandera akaandika: *Alivuka na jembe. Hakulilipia ushuru.*

"Na wako, boss? Alivukia wapi?"

Wandera alicheka kwa huruma. "Mama, usinilinganishe. Babu yangu alizaliwa Butula mwaka 1899, na hadi anazikwa hakuvuka hata mto."

Cindy, karani wake, akaacha kupiga chapa. Wandera akahesabu miaka kwa vidole chini ya meza, akarudia, ikawa ile ile.

"Kifungu cha nne, boss," Cindy akasema polepole. "Mjukuu wa asiye na kibali haruhusiwi kukalia kiti cha ofisi."

"Nani aliandika hiyo kitu?"

"Ni wewe."

"Basi najiidhinisha."

"Huwezi, boss. Bado hujaidhinishwa."

Sheria ni msumeno, na Wandera alikuwa mtu wa sheria. Akafunga vifungo vya koti, akachukua fomu, akatoka. Kwa vile hakubaki afisa wa kuuzuia ufunguo, Cindy alimkabidhi Mama Apeduno, naye akaenda kufungua kibanda chake akicheka peke yake. Alipokuwa akitoka, mlangoni mwa ofisi alimkuta Wandera akijipenyeza mbele ya watu, akamwambia:

"Boss, foleni inaanzia kule kwa choo."

Akaenda kule kwa choo. Kufikia saa nane alikuwa akilalamika kama wenzake kwamba maafisa wa siku hizi hawapatikani kazini.