Nyota Iliyokata Roho Nikiwa Jikoni

Jumatatu, 4 Machi
Katika jengo hili la wataalamu wa nyota, kichwa kisichoharibiwa na shule ni kimoja tu: changu. Niliacha kidato cha pili ili wengine nao wabakiziwe elimu. Shangazi, mpika chai wa hapa, ndiye aliyenitafutia kazi ya kupiga deki. Deki, mimi! Mgongo umekwisha.

Leo nimemuuliza Daktari, mkuu wa wataalamu hawa, anangoja nini miaka mitatu mbele ya kompyuta. Kumbe nyota kubwa ikikata roho hutema miale ya gamma, sekunde chache tu, ikang'aa kupita galaksi nzima. Satelaiti inapiga kengele kwenye kompyuta hiyo, na papo hapo darubini yao ya ng'ambo igeuzwe, maana mwako unaobaki hufifia upesi. Ukififia, hujui tena nyota ilikuwa ya galaksi ipi. Sawa na kusikia kilio mtaani usijue msiba uko nyumba gani. Zamu ya Daktari kwenye darubini inaisha Ijumaa. Anayewahi kengele huandikwa kwenye ripoti. Jina langu litapendeza pale.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwomba Miwani, mwanafunzi wa Daktari, anipishe kitini akale. Akaniambia nianze na choo cha chini. Nimeanza. Nimechoka.

Jumatano, 6 Machi
Kengele! Nikatupa fagio, nikatangaza korido nzima kwamba nyota imefariki. Daktari akaja mbio, kiatu kimoja mguuni. Ilikuwa kengele ya majaribio, hulia kila Jumatano saa tatu. Miwani ameniita Profesa Ndoo. Shangazi naye akacheka, damu yangu mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni mali. Nywila ya kompyuta wameibandika chini ya kibodi, ndio wasomi hao. Miwani alipokwenda msalani, nikaielekeza kengele kwenye simu yangu, nikazima spika zao. Ikilia nisikie mimi tu, niingie taratibu, niwape habari.

Simu ikaisha chaji. Nikaichomeka stoo, nikaenda jikoni kumweleza Shangazi nitakavyokuwa mkubwa. Hadithi ilikuwa na sura nyingi. Niliporudi, kengele ilikuwa imelia saa mbili zilizopita.

Nikawapa habari hivyo hivyo. Darubini ikageuzwa. Giza. Vigalaksi tisa hafifu, na hakuna hata kimoja cha kusema aliyekufa ni wetu.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari amekaa tu, mikono mapajani. Ningependa afoke. Hakufoka. Alisema, "Mwanga umesafiri mabilioni ya miaka, mwanangu, ukatukuta hatupo."

Miwani anaamini yeye ndiye aliyesahau kuwasha spika. Hajala tangu jana. Ameomba likizo, kwa hiyo kiti kitakuwa wazi. Nimemwambia Daktari nitakikalia mimi zamu ijayo, kila kengele ije kwangu, na simu nitaichaji mapema. Hakunijibu. Anayenyamaza amekubali.

Nimelipima jambo hili pande zote. Chaja ni mbovu. Shangazi anauliza maswali mengi. Nyota yenyewe haikuwa na subira.

Spika nilizima mimi. Miwani sijamwambia.