Malalamiko Kuhusu Nyanya Zilizokataa Kuoza

Kwa Daktari Jacinta,
Msimamizi wa Jaribio la Nyanya za Nano,
Kitengela.

Daktari mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi si salama. Ni Munguti, mmoja wa wale wazee kumi mliowapa kila mmoja nyanya arobaini na mbili zilizopakwa utando wa nano, chembe ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Tulitakiwa kula mbili kwa siku, wiki tatu, na kujaza fomu kama tumbo limelalamika. Juzi ulinipigia simu ukasema fomu yangu ndiyo safi kuliko zote, na kwamba Jumatatu nyanya hizo zitaanza kupikiwa watoto wa nasari. Nilifurahi hadi nikamwambia pasta. Hata hivyo, niko na malalamiko.

1. Nyanya zenu hazina adabu. Nyanya ya kawaida huelewana na mwanamume aliyeachwa peke yake nyumbani. Siku ya tano inalegea, anaitupia mbuzi, na hakuna anayejua nani alikula nini. Zenu zilikaa kikapuni wiki tatu, nyekundu, zimekaza mashavu, zikimngoja mke wangu Kamene arudi kutoka Makueni alikokwenda kumuuguza dada yake.

2. Amerudi. Amezihesabu. Ziko arobaini na moja. (Ile moja iliyopungua niliikalia.)

3. Kila jioni nilimwambia kwa simu kwamba nakula nyanya na mboga, kama nilivyoamriwa kwa sababu ya presha. Sasa amenusa koti langu, akaenda mwenyewe hadi bucha ya Noonkopir. Katee, mkata nyama, akamuuliza kama mzee ni mgonjwa, maana leo hajaonekana. Daktari, mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama na damu, haijawahi kunifanyia hivyo. Ukiila, imeisha.

4. Kamene haniamini tena hata nikisema mvua inanyesha. Tumeoana miaka thelathini na minne, na kikapu kimoja kimenivua nguo. Inaniuma sana.

Kwa hivyo naomba utando huo urekebishwe, nyanya zioze kidogo mama mwenye nyumba akisafiri. Kama haiwezekani, niandikie barua ukithibitisha kwamba nyanya ya nano ikiliwa hurudi kikapuni yenyewe. Iwe na muhuri. Kamene huheshimu muhuri.

Nisalimie wote wa maabara, na yule dereva aliyeleta kikapu.

Ni mimi niliyedhulumiwa na mboga,
Mzee Munguti Mulwa

Tanbihi: Kamene ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakunigombeza. Ameniuliza tu kama nimesahau mjukuu wetu Munyiva anasoma nasari gani. Daktari, rarua fomu yangu. Kila siku niliyoandika "nimekula, sina neno", nilikuwa bucha. Kama zina madhara mimi sijui, sikuwa nimeonja hata moja. Nimekula mbili za kwanza leo asubuhi, Kamene akiniangalia. Watoto wangoje wiki tatu.