Kitambaa Kimetoka Buluu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo nyota yangu imeng'aa! Mzee Usi wa Bububu, mkubwa wa wasasi wa zamani wa nguruwe, anafungua chumba cha kumbukumbu Jumamosi. Anatafuta mtunzaji. Ufunguo, kiti chenye mto, na jina ukutani: Bwana Tahir, Mtunzaji. Miaka kumi na sita natengeneza feni Mkunazini, na hakuna aliyewahi kuniita Bwana.

Kuna mshindani. Mmanga, fundi cherehani wa Mtoni. Mtu baridi. Hata chai huipuliza kabla hajamiminiwa.

Mtihani ni huu. Polisi wametoa kwa barua mitutu mitupu ya bunduki mbili kuukuu; vyuma vingine vyote vimebaki kituoni. Mimi nimepewa mtutu wa bunduki ambayo Mzee Usi aliachiwa na baba yake. Mmanga kapewa wa marehemu kaka yake Mzee Usi. Risasi za bunduki hizo zilivishwa shaba, na kila iliyopita iliacha shaba kidogo ndani, mpaka ukafanyika ukoko kama wa sufuria ya wali. Kila mmoja wetu ana chupa ya dawa ya amonia. Unasugua, unapitisha kitambaa cheupe. Kikitoka buluu, dawa imekula shaba. Kikitoka cheupe, ukoko umekwisha.

Mzee Usi amebakiwa na jicho moja, nalo linafifia. Alisema anataka kuchungulia mtutu wa baba yake mara moja tu, aione ile mifereji ya ndani inavyozunguka, kabla giza halijamkuta. Nikamwambia aniachie mimi. Nikambusu mkono. Mmanga naye akambusu. Mwigaji!

Jumanne, 3 Septemba

Burashi ya bunduki haipatikani mjini. Nimejitengenezea: nyuzi za shaba za mota ya feni mbovu, nimezifunga kwenye ufito wa chuma. Dawa ya moto ni moto. Dawa ya shaba ni shaba! Sijui mafundi wengine wanafikiri kwa kiungo gani.

Kitambaa cha kwanza: buluu. Cha kumi: buluu. Cha arubaini: buluu ya kupendeza. Shaba iliyomo humu si ya kawaida. Ni wazi Mzee Usi kaua nguruwe wengi kuliko kaka yake.

Harufu ya dawa imepanda ghorofani. Bi Bashira, jirani yangu wa juu, kachomoza dirishani: "Wewe Tahir! Umefuga paka wangapi humo ndani?" Nikamjibu kwamba hii ni sayansi. Akasema sayansi ihame, yeye ana wageni.

Jumatano, 4 Septemba

Mmanga kamaliza! Tangu jana adhuhuri! Habari kanipa Yusra, mjukuu wa Mzee Usi. Nikamuuliza kasugulia nini. Kasema burashi ya plastiki, ile ndogo ya kuoshea chuchu ya chupa ya mtoto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukoko wa miaka sitini kwa burashi ya maziwa! Huyo kaosha, hakusafisha.

Mimi nimefika kitambaa cha mia na kumi. Buluu. Burashi yangu imekonda sana, dalili kwamba inafanya kazi. Nimeiongezea nyuzi.

Alhamisi, 5 Septemba

Buluu. Nimeamua kubadili mbinu.

Mama yangu, Bi Rukaiya, husugua masinia ya shaba kwa ukwaju mpaka unajiona uso. Basi kwa nini si mtutu? Nimechukua ukwaju wake wote wa urojo, nimeukoroga mzito, nimeziba mtutu chini kwa gunzi, nimeumimina, nimeusimamisha pembeni. Mama kauliza ukwaju wake uko wapi. Nikasema paka. Kasema amezaliwa mjini hapa, kazeekea mjini hapa, hajapata kumwona paka anayekula ukwaju.

Ijumaa, 6 Septemba

Sisimizi! Safu nzima, kama watu wanaokwenda mpirani Amani. Wote ndani ya mtutu. Nimewatoa kwa maji, na maji yametoka mekundu. Kutu! Karibu na mdomo wa mtutu pana doa kubwa kama ukucha. Niliogopa, wallahi, na si kwa sababu ya ufunguo. Nililikumbuka lile jicho. Nimekausha haraka, nimepaka mafuta ya cherehani, jambo ambalo Mmanga hatalijua mpaka naingia kaburini.

Baada ya sala nimerudi kwenye dawa na burashi yangu. Buluu, buluu, buluu. Sikati tamaa. Mvumilivu hula mbivu.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku ya aibu. Naandika kwa sababu nimeahidi kuandika kila siku.

Baraza ya Mzee Usi ilijaa watu. Mmanga kapitisha kitambaa chake: cheupe. Nikapitisha changu: buluu. Nikasimama, nikaeleza kwamba mtutu wangu una historia ndefu zaidi, naomba wiki mbili. Mmanga hakubisha. Aliomba kisosi, akatia dawa safi, akaichovya burashi yangu. Tukangoja. Dawa ikageuka buluu. Na safari hii burashi haikugusa mtutu kabisa!

Akasema taratibu kwamba dawa hii haichagui shaba ya nani. Inakula yoyote. "Siku zote hizo ulikuwa ukiifuta burashi yako, ndugu yangu." Watu wakacheka. Bi Bashira, ambaye hakualikwa, alicheka kuliko wote.

Kisha Mmanga kausugua mtutu wangu kwa ile burashi ya maziwa. Kitambaa cha kwanza, buluu ya mabaki yangu. Cha pili, cheupe pee. Kumbe ukoko wenyewe ulikwisha zamani! Mzee Usi akauelekeza mtutu kwenye mwanga wa mlango, akaweka jicho. Akauzungusha taratibu, akasema: "Alhamdulillahi. Hii ndiyo mifereji ya baba." Machozi yakamtoka. Yakanitoka na mimi.

Halafu kidole chake kikafika kwenye doa la kutu. Akauliza. Nikasema ukwaju. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alisema tu: "Mwanangu, mtu asiyejua kazi imekwisha lini, mimi simpi ufunguo."

Jina ukutani: Bwana Mmanga. Mimi nimepewa kupangusa vumbi barazani, pamoja na ule mzinga mdogo wa shaba uliowekwa mlangoni. Mzee Usi kasisitiza: kwa kitambaa kikavu.

Jumapili, 8 Septemba

Nimelala, nimewaza, nimelielewa kosa langu lote. Burashi ya shaba ni balaa! Nimeitupa. Nimenunua ya chupa ya mtoto, mpya, ile kubwa. Mimi sirudii kosa.

Nimefika Bububu kabla ya Mtunzaji. Nimeupangusa mzinga nje, kwa kitambaa kikavu, kama nilivyoagizwa. Kisha nikachungulia ndani. Subhanallah! Shaba! Kuta zote, toka mdomoni mpaka chini kabisa, shaba tupu, na huyo Bwana Mmanga kapita hapo siku nzima hajaiona. Nikachovya burashi yangu ya plastiki. Nikasugua. Nikapitisha kitambaa cheupe.

Buluu!

Nimeagiza madumu mawili ya dawa. Ikifika Jumamosi, haitabaki hata chembe ya shaba katika mzinga ule.