Kijiti cha Kwanza cha Cuilian

Jumanne, 27 Agosti 2019

Ijumaa mwezi unaandama. Hapa Chengde, anayechoma kijiti cha kwanza cha udi hekaluni siku hiyo, dua yake hutangulia zote. Mke wangu Cuilian alikiwania miaka kumi na mmoja. Kila mara jirani yetu, Mzee Hou, yuko mbele, meno yote nje. Cuilian alicheka tu. Alisema moshi ni moshi.

Alifariki Machi. Safari hii cha kwanza ni chake. Nimeapa!

Jumatano, 28 Agosti

Asubuhi, bustani ya wafalme. Hou yuko kando ya ziwa kama kawaida, anaandika mashairi kwenye mawe kwa brashi ndefu na maji. Nikasubiri jua likaushe mstari mmoja. Nikamwambia, kama habari ya kupita tu, kwamba Ijumaa hekalu litafagiwa kwanza, na lango litafunguliwa saa tatu badala ya saa mbili. Uongo mtupu! Akanishika mikono yote miwili, akasema ahsante sana, kaka. Nilijisikia vibaya kwa hatua kama kumi.

Nikampa kulungu mmoja wa bustanini peari. Cuilian alikuwa akizikata vipande vinne, wasisakamwe. Nilisahau kukata. Kulungu akakohoa, akanitazama kama mtu anayejua siri.

Ijumaa, 30 Agosti

Saa moja kasorobo, niko langoni. Peke yangu! Saa mbili likafunguliwa. Nikakimbia, na magoti haya.

Chetezo kilikuwa kinafuka. Kijiti kimoja, kimeshaungua nusu. Kando yake Hou, na fagio mkononi.

“Kaka, umechelewa! Ulipotea njia?”

Kumbe aliposikia hekalu linafagiwa aliona haya kukaa nyumbani. Alikuja saa kumi na moja alfajiri na fagio lake, watawa wakamwingiza mlango wa nyuma. Walishangaa kidogo, lakini nani anakataa fagio?

Nikamwita mwizi wa foleni. Watu wakageuka.

“Punguza sauti, kaka. Shemeji anasikia.”

Shemeji gani? Akanyoosha kidole kwenye kijiti. Tangu Machi, kila mwezi ukiandama, cha kwanza anamchomea Cuilian. Eti kila Cuilian aliposhindwa, alimpa yeye mkate wa maharage matamu, wa moto, kutoka mfukoni.

Miaka kumi na mmoja mikate ile ilipungua nyumbani, nikadhani naila mimi usingizini.

Nilikaa kwenye ngazi. Hou akakaa pia. Changu nilikichoma cha arubaini hivi.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimefikiri sana. Mke ni wangu, halafu mtu baki ananitangulia kumwombea! Haiwezekani.

Hou naye ni mgane. Mkewe aliitwa Yunxia, aliimba vizuri. Siku ya kumi na tano ya mwezi huu mwandamo, sikukuu ya mwezi mpevu, nitafika saa kumi kamili, na kijiti cha kwanza nitamchomea Yunxia. Aonje inavyouma!

Leo nimemwambia kwamba siku hiyo hekalu halifagiwi kabisa. Akanishukuru.

Nimeshanunua fagio.