Makala Isikaushwe Juani

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna tena maandishi ya wizi Tabora. Ndivyo lilivyosema tangazo la Taasisi ya Utafiti wa Njia ya Misafara, na Fakhria, mhariri msaidizi aliyetoka chuo kikuu miezi minne tu iliyopita, alilibandika mlangoni kwa furaha.

Mwongozo wa kuzuia wizi huo aliutunga Mkurugenzi, Ndugu Damas, kwa wiki nzima, mlango umefungwa. Maandishi yote ya Taasisi na jarida lake yangesomwa hadharani mbele ya balozi wa nyumba kumi. Balozi akisema maneno hayo hajawahi kuyasikia, anagonga muhuri. Akiwa ameyasikia, mwandishi hachapishi hata mstari kwa miaka mitatu.

Vifungu vingine vilihitaji elimu. Cha tano: "Makala isikaushwe juani." Cha sita: "Makala ifungwe mafungu kwa daraja, isichanganywe na mbichi." Fakhria alivitii vyote. Makala yake ya kwanza ilihusu wanawake waliotembea na misafara hadi pwani, habari alizozikusanya kwa vikongwe wa Mtendeni. Aliilaza kivulini siku tisa, akiigeuza asubuhi na jioni. Ikikataliwa, na kazi imekwisha. Bado alikuwa kwenye majaribio.

Siku ya kusoma, balozi Mzee Luhende alifika na muhuri mfukoni. Kabla ya kuhamia mjini alilima tumbaku Goweko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tusomee hao bibi zetu."

"Tutaanza na mwongozo," alisema Fakhria. Ilimuuma kwamba andiko zuri vile halikuwa na muhuri.

Ndugu Damas akakohoa. "Si lazima."

"Kifungu cha kwanza kinasema maandishi yote, Ndugu Mkurugenzi."

Akasoma, watu wametulia. Alipofika "Makala isikaushwe," Mzee Luhende akafumba macho.

"Juani, maana itapasuka na kupoteza rangi," akamalizia. "Cha sita mafungu. Cha saba panya."

Fakhria akafunua ukurasa. Cha saba kilikuwa panya.

"Umeyasikia wapi, mzee?"

"Kwenye ushirika wetu Goweko. Yalibandikwa mlangoni pa banda la kukaushia, miaka kumi. Ila sisi tuliandika tumbaku."

Watu wakashika mbavu. Ndugu Damas akainuka, akatengeneza kola. "Huo si wizi, mzee. Ni ujamaa wa maneno."

"Ujamaa ni kulima pamoja, baba. Wewe tumekuona wakati wa kuvuna."

Makala ya Fakhria ilisikilizwa hadi nukta ya mwisho. Mzee Luhende akasema ni mpya kwake, na panya hamna. Akagonga muhuri.

Ikabaki fomu ya adhabu, ambayo kwa kifungu cha tisa husainiwa na Mkurugenzi. Fakhria aliijaza kwa huruma, machozi yakimlengalenga, akampelekea pamoja na kalamu.

"Weka sahihi hapa, Ndugu Mkurugenzi," akasema kwa upole. "Wino tutaukausha kivulini."