Vidonge vya Huzuni kwa Redio

Jumatatu, 7 Juni 1999
Upepo mubaya. Dagaa hawakauki. Lakini nimepata akili mpya. Wafanyabiashara wanaotoka ng'ambo ya ziwa, kwetu nilikokimbia, wanasema kule, tangu vita, hakuna mutu analala. Wanatafuta vidonge vya usingizi kila duka. Hapa Nchelenge Sista Chilufya wa kiliniki anavyo. Anawapa wagonjwa wa huzuni tu, na lazima Dokta Mwaba, munganga wa vichwa, akubali kwanza. Dokta yuko mjini Mansa. Haji huku. Anapima watu kwa redio ya kiliniki, kila Alhamisi asubuhi.
Munganga asiyeniona usoni! Nitakuwa mugonjwa wa huzuni. Nitavuka na vidonge kuviuza. Rodwell, jirani yangu wa meza sokoni, abaki na sabuni zake.

Jumatano, 9 Juni
Mazoezi ya huzuni mbele ya kioo. Nimelegeza mashavu. Nikakumbuka ni redio. Nikahamia kwenye sauti. Mayo Ngosa, mwenye nyumba yangu, akagonga ukuta kuuliza kama tumbo linaniuma.
Nimeenda kujiandikisha. Sista akaniangalia muda murefu, akasema alikuwa ananingojea tangu Machi. Labda ananichanganya na mutu mwingine.

Alhamisi, 10 Juni
Dokta aliuliza silali tangu lini. Nikasema tangu Machi. Uongo muzuri unataka tarehe. Akauliza juu ya chakula. Nikasema ugali unanikwama kooni, jambo ambalo ni kweli, lakini lilifaa. Akauliza kulitokea nini Machi. Nikatafuta kitu cha kuhuzunisha, nikachukua kilichokuwa karibu. Nikamwambia siku tuliyokimbia kijiji, Eddy, mudogo wangu, alirudi nyumbani kuchukua nyavu. Mutumbwi ukaondoka. Kasia nilishika mimi.
Kisha dokta akauliza, "Nkulu, ni wewe uliyeamua kuondoka? Ova."
Nikasema, "Walikuwa wanapiga risasi, dokta." Nikasahau kusema ova, neno la kumaliza zamu redioni. Sista akalisema badala yangu. Macho yalikuwa yanatoa maji. Chumba kile kina vumbi sana.
Amekubali vidonge! Ushindi. Kuna kasoro moja ndogo: nitakunywa kimoja kila jioni mbele ya Sista, naye anakagua hadi chini ya ulimi.

Ijumaa, 11 Juni
Balaa. Redio ile ni moja kwa kiliniki zote za ufuko. Kila aliyekuwa kwenye foleni jana, kutoka Kafutuma hadi kisiwa cha Chisenga, amenisikia. Sokoni wananisalimia polepole, kama mutu aliyebeba mayai. Mayo Ngosa ameniletea samaki wa kuchoma, akakaa hadi nikamaliza.
Rodwell ndiye hatari. Nimekuta amesogeza meza yangu kivulini, karibu na yake. Anataka wateja wangu, hiyo ni wazi. Akakaa, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Ba Nkulu, mimi pia sikulala mwaka muzima, mama alipokufa."
Nikamwambia mimi ni muzima, haya ni mambo ya biashara. Akaitika. Halafu akasema atawauliza watu wa mitumbwi habari za Eddy. Nani amemutuma?

Jumatano, 16 Juni
Jana nilificha kidonge shavuni. Sista akaniomba tusali Baba Yetu pamoja. Kufikia mukate wetu wa kila siku, kilikuwa kimeyeyuka. Kichungu vibaya sana.

Jumatatu, 28 Juni
Nimelala hadi jua likaingia ndani. Nimekula sahani mbili. Rodwell akanipeleka bandarini kwa mama mumoja aliyetoka Chisenga. Amesema watu wengi wa kijiji chetu wamevuka, wako kwenye kambi ya wakimbizi. Jina la Eddy hajalisikia kati yao. Wala hajalisikia kati ya waliokufa. Kesho kutwa Rodwell anafunga meza yake, tunaenda kambini kuuliza wenyewe. Bado sijagundua faida yake ni nini.
Basi imethibitika: sikuwa mugonjwa hata kidogo. Mugonjwa wa kweli angepona hivi? Vidonge sikupata hata kimoja cha kuuza, lakini kosa ni la ile sala.
Sista anasema mwezi ujao anakuja munganga wa macho, anagawa miwani bure. Ng'ambo miwani inatafutwa sana. Nimejiandikisha wa kwanza. Nitajigonga mulangoni mara mbili, nitamusalimia kabati. Hawezi kujua. Macho yangu ni mazima kabisa, naona kila kitu.