Tarumbeta Haikuvuta Kamba

Echternach,
Aprili 9, 1913.

Kwa Bwana Nik Theisen,
Mwenyekiti, Bendi ya Ukingoni.

Ndugu Mwenyekiti, na shemeji yangu,

Barua yako ya kunifukuza kwenye bendi nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na paka akatoka nje. Unasema tarumbeta yangu ndiyo iliyoiangusha timu yetu ya taifa ya kuvuta kamba kwenye Michezo ya Mataifa kule Stockholm mwaka jana. Kwa hiyo Jumanne ya tarehe 13 Mei, mji mzima utakapoandamana kwa kurukaruka kwenda kanisani kwa Mtakatifu Willibrord, mimi nikae nyumbani. Shemeji, kwa heshima zote, huo ni uonevu. Sababu zangu ni hizi.

1. Mnasema nilipopiga wimbo wa maandamano, wale wanaume wetu wanane, kamba mkononi, walianza kuruka hatua tatu mbele na mbili nyuma, kama tunavyoruka kila mwaka. Na kwa kuwa mbele yao ndiko walikokuwa wapinzani, wakajipeleka wenyewe. Kuruka waliruka, sikatai, niliona kwa macho yangu. Ninachokataa ni kwamba kosa ni langu. Mett Kremer mchinjaji, aliyeshika mwisho wa kamba, ana kilo mia na ishirini na nne. Mimi nina hamsini na nane, tena nikiwa na koti lililolowa. Pumzi yangu itamsogezaje mtu yule? Miguu ina wenyewe.

2. Wapinzani wenyewe walikuwa wapagazi wa bandari ya pale pale, katika zoezi la siku moja kabla ya mchuano. Wimbo waliusikia uleule na hawakuruka. Je, wao hawana masikio? Huo ni ushahidi tosha kwamba wimbo hauna nguvu yoyote juu ya miguu ya mtu. (Mmoja mwenye ndevu nyekundu alitikisa mabega kidogo. Nadhani ni nzi.)

3. Na huu ni mchezo gani, jamani, anayerudi nyuma ndiye anayeshinda? Sisi tangu enzi za mababu tunakwenda tatu, tunarudi mbili, na kanisani tunafika. Wanaume wetu walikwenda mbele. Aibu iko wapi hapo? Mtu pekee ninayemjua anayepigiwa makofi kwa kurudi nyuma ni wewe, kwenye mikutano ya bendi.

4. Baada ya zoezi lile wanaume waliona haya, wakafungasha, na kwenye kitabu cha matokeo tumeandikwa kwamba hatukutokea. Sasa chagua moja. Kama hatukutokea, nani alimsikia nani akipiga tarumbeta? Siwezi kuiharibu timu mahali ambapo timu haikuwepo! Na kama tulitokea, basi siku ya mchuano zilivuta timu mbili tu, kwa hiyo sisi ni wa tatu. Medali yetu imelala kwenye droo fulani huko Stockholm, na hakuna hata mmoja wenu aliyeandika barua kuiulizia. Barua mnaniandikia mimi.

5. Mji umenigeuza kichekesho. Kwa mwoka mikate wanawake wananiambia, "Jempi, hebu tupigie kidogo, tuchelewe kufika nyumbani!" Kremer naye nilimwagiza soseji tangu Jumamosi. Kasimama kule nyuma ya meza yake, kakunja mikono. "Soseji zipo," anasema, "ila nikizifuata hatua tatu narudi mbili. Wewe ngoja tu." Nikangoja kweli, mpaka akafunga duka.

6. Hili sikutaka kuliandika. Binti yangu Leni alipokuwa na miaka sita kifafa kilimwangusha mara tatu kwa wiki. Nilimwekea Mtakatifu Willibrord nadhiri kwamba nitapiga kwenye maandamano kila mwaka mpaka nife, na nimepiga miaka kumi na minne bila kukosa, na kifafa kikaondoka. Februari hii ameanguka tena karibu na jiko, na wewe, Nik, ndiye uliyemshika kichwa. Halafu ukaenda kuniandikia barua ile. Nina hasira na wewe, na ninaogopa.

Kwa hiyo naomba nirudishwe bendini kabla ya Mei, na itangazwe hadharani kwamba wimbo ule haujawahi kumsogeza mtu hata unyayo mmoja.

Nisalimie dada yangu, wanabendi wote, hata yule wa ngoma anayejifanya hanioni, na Kremer pia, mwambie soseji bado nazitaka.

Ni mimi shemeji yako mwenye uchungu,
Jempi Wagener,
tarumbeta ya kwanza (mpaka itakapothibitishwa vinginevyo).

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Nikatazama dirishani nikaona maksai wa Kremer amekwama kwenye tope la mto, na wanaume walewale wanane wanamvuta kwa kamba. Nikasema, Mungu kaniletea ushahidi. Nikafungua dirisha nikapiga ule wimbo, ili uthibitike kwamba hauna nguvu.

Wameruka, Nik. Tatu mbele, mbili nyuma, maji mpaka kiunoni, maksai akirudi kinyumenyume mbele yao, mpaka wote wakatokea ng'ambo ya mpaka, Prussia. Muda huu afisa forodha anawauliza hati za yule mnyama, na Kremer anaita jina langu.

Leni alikuwa pembeni yangu dirishani. Amecheka mpaka akakaa chini. Tangu Februari sijamsikia akicheka.

Basi futa yote niliyoandika juu. Wimbo una nguvu, na Stockholm ni mimi. Ndiyo maana lazima nimpigie Leni Jumanne ile. Nifukuze Jumatano yake.